Beki anaweza kushinda Hobey Baker? Na hiyo tuzo apewe mtu wa aina gani hasa?

Dada yangu, asante kwa swali, ngoja niliweke hapa kwa kifupi ili na wengine wafuatilie. Unakaa Lowell, Massachusetts, unafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na wenzako wa zamu ya usiku wanaipenda hoki ya vyuo kupita kiasi. Kila ikifika mwezi wa tatu wanabishana nani apewe Hobey Baker, ile tuzo ya mchezaji bora wa hoki ya barafuni wa vyuo vya Marekani. Mmoja anasema apewe mwenye pointi nyingi, stori iishe. Mwingine anasema hapana, ile ni tuzo ya mtu mwenye tabia. Halafu kijana wako wa miaka 13, anayecheza beki, amekuuliza kama beki naye anaweza kuipata au ni ya washambuliaji tu. Ukamalizia kwa kuuliza, hivi ni sifa gani hasa zinatakiwa kumpa mtu tuzo kama ile?

Nianze na kijana manake lake ni jepesi. Anaweza, na wameshaipata mabeki wengi tu. Mike Mottau wa Boston College aliichukua 2000, Jordan Leopold wa Minnesota 2002, Matt Carle wa Denver 2006, Matt Gilroy wa Boston University 2009, Will Butcher wa Denver 2017, halafu wakafuatana wawili, Cale Makar wa UMass, yaani chuo kikuu cha Massachusetts, 2019 na Scott Perunovich wa Minnesota Duluth 2020. Na Makar alicheza pale Amherst, jimbo lenu hilohilo, kwa hiyo mwambie kijana asione ni mambo ya mbali.

Sasa la kwako. Mimi kazi yangu ni kuangalia wachezaji na kuwaandikia ripoti, na ukiniuliza nani apewe, nakujibu hivi: apewe yule ambaye ukimtoa kwenye timu yake msimu huu, timu inabadilika namna inavyocheza, hata zile dakika ambazo paki, kile kisahani cheusi wanachokipiga kwa fimbo, haiko kwake. Pointi ni shahidi mmoja, aje aseme anachojua kisha akae, asigeuke hakimu. Tabia ipimwe kwa kile mtu anachofanya barafuni na ndani ya timu yake. Na kinachopimwa ni msimu huu uliochezwa, habari za atakavyokuwa akifika NHL, ile ligi kuu ya kulipwa, ziachwe kwa watu wa NHL. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, ni ndefu kidogo, vumilia.

Tuzo yenyewe ilianza 1981, klabu moja ya michezo ya Bloomington, Minnesota, inaitwa Decathlon, ndo iliyoianzisha, na wa kwanza kupewa alikuwa Neal Broten wa chuo kikuu cha Minnesota, yule aliyekuwa kwenye timu ya Marekani iliyobeba dhahabu ya Olimpiki Lake Placid mwaka mmoja nyuma yake. Makocha wa vyuo vya daraja la kwanza wanapendekeza majina, yanachujwa wanabaki 10, kisha kamati inapiga kura wanabaki 3, na mshindi anatangazwa Ijumaa ya wiki ya Frozen Four, ambapo timu 4 za mwisho zinagombea ubingwa wa vyuo, yaani kati ya nusu fainali na fainali. Mashabiki nao wana kura ila uzito wake ni mdogo sana. Hilo la Ijumaa walielewe vizuri wenzako, manake kuna watu wanadai eti apewe aliyebeba ubingwa, wakati tuzo inatolewa ubingwa wenyewe bado haujapata mwenyewe. Mwaka 2019 Makar alipewa Ijumaa, Jumamosi UMass ikafungwa 3-0 na Minnesota Duluth. 2022 Dryden McKay wa Minnesota State alipewa Ijumaa, kesho yake Denver ikatoka nyuma 1-0 ikapiga mabao 5 kwenye kipindi cha tatu pekee, ambacho ndo cha mwisho. Hakuna hata mmoja aliyepungukiwa sifa kwa hilo.

Vigezo vyao vimeandikwa, na ukivisoma taratibu huoni popote panaposema mfungaji bora. Wanataka mchezaji mwenye uimara wa tabia barafuni na nje ya barafu, anayeijenga timu yake, mwenye uwezo mkubwa kwenye pande zote za mchezo, masomo na uanamichezo viangaliwe, na awe mwanafunzi kamili anayefuata kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Hayo maneno pande zote za mchezo ndo ningependa wenzako wayashike, kwa sababu ndo yanayosahaulika kwanza kila mwaka.

Na hayakuwekwa kwa bahati, yanamfuata mwenye jina. Hobey Baker alicheza Princeton, akamaliza 1914, enzi ambazo timu ilikuwa na watu 7 barafuni na mchezaji anatarajiwa acheze mechi nzima bila kutoka. Princeton hata rinki yao hawakuwa nayo, mechi nyingi walikuwa wanakwenda kuchezea New York. Huyu bwana alikuwa nyota wa hoki na nyota wa futiboli ya Kimarekani kwa pamoja, ndo mtu pekee aliyeingizwa kwenye jumba la heshima la hoki na lile la futiboli ya vyuo. Lakini ukisoma watu wa wakati wake wanachokikumbuka, wanaanza na kwamba baada ya mechi alikuwa anaingia chumba cha wapinzani kuwapa mkono mmoja mmoja, na inasimuliwa kwamba miaka yote ya chuo aliadhibiwa na refa mara moja tu, na hiyo ni wakati mabeki wa timu nyingine walikuwa wanamrukia kila mechi kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine ya kumzuia. Vita ya kwanza ya dunia ikaja akawa rubani Ufaransa, akafa Desemba 1918, vita imeshaisha, amri ya kurudi nyumbani ameshaipata, akapanda ndege iliyokuwa imetengenezwa ili aijaribu, ikaanguka pale Toul. Alikuwa na miaka 26.

Kwa hiyo tuzo yenye jina la mtu wa namna hiyo ukiigeuza kuwa ya kuhesabu mabao tu, unakuwa umeacha nusu yake. Lakini na wale wanaosema ni tuzo ya tabia tu nao wananikera kidogo, kwa sababu Baker kwanza alikuwa anajua mpira wake, yaani paki yake, kuliko mtu yeyote aliyekuwa barafuni. Heshima alikuja nayo juu ya uwezo.

Twende kwenye pointi. Kwa hoki, bao ni pointi moja na pasi ya bao ni pointi moja, na pasi zinahesabiwa mpaka mbili kwa bao moja, kwa hiyo bao moja linaweza kuwapa pointi watu watatu. Shika hilo. Rekodi ya msimu mmoja ni ya Tony Hrkac wa North Dakota, pointi 116 kwenye mechi 48, akapewa Hobey ya 1987. Paul Kariya wa Maine 1993 alikuwa mwaka wa kwanza tu, akapata pointi 100 kwenye mechi 39, mabao 25 na pasi 75, timu ikashinda 42, ikafungwa 1, ikatoka sare 2, ikabeba ubingwa. Ukikutana na msimu kama huo hakuna cha kujadili, mpe mtu tuzo yake muende mkalale. Ila misimu ya hivyo ni michache, na miaka mingi unakuta watu wanne watano wako karibu karibu, huyu 60, huyu 57, huyu 64, na hapo ndo lazima uulize hizo pointi zimepatikanaje. Ngapi amezipata wakati wapinzani wana mtu nje kwa adhabu? Amecheza na nani kushoto na kulia? Mechi zake ngumu alifanya nini, au amejaza kapu dhidi ya timu dhaifu mwezi wa kumi na wa kumi na moja kisha akapotea?

Mfano mzuri ni 2024. Will Smith wa Boston College ndo aliongoza nchi nzima kwa pointi 71. Macklin Celebrini wa Boston University alikuwa nazo 64 kwenye mechi 38, mabao 32 na pasi 32, na Hobey akaibeba yeye, akiwa na miaka 17, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata. Mimi nakubaliana na kamati kabisa. Smith alikuwa mtamu sana kumtazama, simpunguzii kitu, ila alicheza mstari mmoja, yaani washambuliaji watatu wanaoingia barafuni pamoja, na Ryan Leonard na Gabe Perreault, vijana waliokua pamoja kwenye timu ya maendeleo ya taifa ya Marekani, wanajuana kama vidole vya mkono mmoja. Celebrini alikuwa anashuka mpaka kwenye goli lake kunyang'anya paki, kisha anaianzisha upya yeye mwenyewe. Ukimtoa Smith pale BC, walibaki na washambuliaji wengine hatari. Ukimtoa Celebrini pale BU, unaona pengo kuanzia nyuma mpaka mbele.

Na kuna mfano wa upande wa pili ambao mashabiki wanaurudia sana, wa 2007. Ryan Duncan wa North Dakota aliipata akiwa na pointi 57, na mstari wake walikuwa Jonathan Toews na T.J. Oshie. Sasa ukitazama kwa macho ya leo, Toews amekuwa nahodha wa Chicago akabeba Stanley Cup, yaani ubingwa wa NHL, mara tatu, Oshie naye amebeba moja na Washington, Duncan hakucheza NHL, alienda Ulaya. Basi watu wanasema kamati ilikosea, ilimpa yule mdogo ikaacha wakubwa. Hapana jamani. Kamati haikuulizwa nani atakuwa bora 2010, iliulizwa msimu wa 2006-07 nani alicheza vizuri zaidi, na Duncan alifunga mabao 31. Ukitaka kumpinga, mpinge kwa hoja ya mstari, sema alisaidiwa na wenzake, hiyo ni hoja halali na mimi mwenyewe ningeipima kwa uzito. Ila kumpinga kwa kazi waliyoifanya wengine miaka 5 baadaye, hiyo siikubali.

Sasa nikupeleke barafuni, manake sehemu hii ndo itamsaidia kijana na ndo watu wengi hawaioni kwenye TV kwa sababu kamera inafuata paki. Mchezaji wa hoki hakai barafuni dakika 20 mfululizo, anaingia kwa zamu za sekunde 40 au 45 anatoka mwingine anaingia, mbio mbio mechi ikiendelea. Kipindi cha kwanza na cha tatu benchi lako liko upande wa goli lako, ukichoka unaruka ukuta umeshatoka. Kipindi cha pili timu zimebadilishana magoli, benchi liko mbali na goli unalolinda, ukikwama nyuma umechoka huna pa kutokea. Ndo maana mabao mengi ya kijinga yanaingia kipindi cha pili. Basi mtazame nyota wako kipindi hicho. Amekaa sekunde 50, mapafu yanawaka, timu yake imepata paki na kuna nafasi ya kwenda kutafuta pointi. Kuna anayekwenda, akikosa anarudi akitembea, na wenzake wawili waliochoka wanabaki na mzigo. Na kuna anayeisukuma paki mpaka chini kabisa kwenye kona ya wapinzani, anageuka, anatoka, anawapa wenzake watano wazima nafasi. Huyu wa pili hakuandikiwa kitu popote, hakuna pointi, hakuna picha. Mimi namwandikia.

Kwa beki kuna kitu kimoja namwangalia kabla ya chochote, nacho ni shingo. Paki imetupwa nyuma ya goli lake, anaikimbilia akiwapa wapinzani mgongo, na nyuma yake kuna mtu wa kilo 90 anakuja kumgonga. Beki wa kawaida anaangalia paki tu, akifika ndo anaanza kufikiria, na hapohapo anapigwa ukutani. Beki mzuri anageuza shingo mara mbili kabla hajafika, mara ya kwanza kuona nani anakuja na kwa upande gani, mara ya pili kuona mwenzake amesimama wapi, kwa hiyo fimbo ikigusa paki, pasi imeshaamuliwa. Anajifanya anakwenda kushoto, yule mgongaji anaegemea, pasi inatoka kulia iko sawa kabisa kwenye fimbo ya mwenzake na timu nzima imeshatoka kwenye hatari. Makar alikuwa anafanya hivyo mechi nzima, watu wakawa wanaongelea mabao yake 16 na pasi 33, na mimi naongelea jinsi UMass ilivyotoka kushinda mechi 5 tu msimu wa 2016-17 kabla hajafika, mpaka fainali ya taifa miaka miwili baadaye. Kocha Greg Carvel alifanya kazi kubwa pale na wachezaji wengine pia, siwezi kumpa mtu mmoja sifa zote, lakini ile timu ilikuwa inatoka nyuma kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuitoa.

Makipa wao wana matatizo yao. Mpaka nawaandikia hii, waliopewa ni watatu tu tangu 1981, Robb Stauber wa Minnesota 1988, Ryan Miller wa Michigan State 2001 na McKay 2022. Mimi naona ni wachache mno ukilinganisha na kazi yao. Miller ule mwaka alikuwa na klinishiti 10, yaani mechi 10 bila kufungwa bao, na aliokoa asilimia 95 ya mashuti, hiyo hata ukimchukia unampa. McKay ndo aliyenifanya nifikirie zaidi. Alishinda mechi 38 msimu mmoja, haijawahi kutokea, na akamaliza chuo na klinishiti 34, rekodi pia. Lakini Minnesota State walikuwa timu inayoruhusu mashuti machache sana, na mwaka huohuo tuzo ya kipa bora, inaitwa Mike Richter, wakampa Devon Levi wa Northeastern. Yaani mchezaji bora wa nchi ni kipa, na kipa bora wa nchi ni mtu mwingine! Wenzako wakitaka kubishana usiku mzima wape hilo. Mimi kwa kipimo changu cha kumtoa mtu kwenye timu, ningemwendea Levi, kwa sababu Northeastern bila yeye ilikuwa timu tofauti kabisa, wakati Minnesota State bila McKay bado ilikuwa timu ngumu kufungika. Wengine wanasema kipa wa timu inayoshambuliwa kidogo anakaa dakika 8 baridi bila kazi kisha linakuja shuti moja la hatari na lazima alidake, hiyo nayo ni kazi yake na si ndogo. Nawaelewa, ila bado ningempa Levi.

Huyo McKay pia ndo mtu wa kumleta tukizungumzia tabia. Mwanzoni mwa 2022 alipimwa ikakutwa dawa iliyopigwa marufuku, ostarini, kiasi kidogo sana, na uchunguzi ukaonyesha ilitoka kwenye vidonge vya lishe vilivyokuwa vimechanganyika nayo huko vilikotengenezwa. Akakubali adhabu ya miezi 6, ikatangazwa siku chache baada ya kupokea tuzo. Kuna waliosema anyang'anywe. Mimi nasema mwanamichezo anawajibika kwa kinachoingia tumboni mwake na ndo maana adhabu ilikuwepo, lakini tabia unaipima kwa kuangalia mtu akibanwa anafanya nini, na yeye alipeleka vidonge vyake vikapimwa, akakubali adhabu, hakumtupia mtu mwingine lawama. Sioni pa kumnyang'anya.

Manake hii tabia, dada yangu, inaharibiwa na watu wanaoitafuta kwenye picha. Mchezaji amekwenda hospitali kutembelea watoto, kapigwa picha na chuo kimeirusha, eti ana tabia. Kwenda hospitali ni jambo zuri sana na watoto wanafurahi kweli, waendelee. Ila mimi nikitaka kujua tabia ya mchezaji namuuliza mtu anayefua jezi, namuuliza kipa wa tatu ambaye hachezi, namtazama siku kocha amemweka benchi kipindi kizima, amekaa vipi, anaongea na nani, mwenzake akifunga anasimama au anaangalia chini. Matt Gilroy wa BU alifika pale bila kuwa na udhamini wa michezo, akiwa mshambuliaji, wakamwambia nafasi iliyopo ni ya beki, akajifunza ubeki upya chuoni, na akavaa namba 97 kwa ajili ya mdogo wake aliyefariki akiwa mtoto. Mwaka wa nne akawa nahodha mwenza, akapata Hobey na ubingwa mwaka huohuo. Kukubali kuanza upya nafasi nyingine ukiwa umeshakuwa mtu mzima, mbele ya wenzako wanaokuona unavyokosea, hiyo ni tabia inayoonekana na inayohesabika kwenye mechi.

Ila kuna mtego hapo na lazima niuseme, mtego wa stori. 2013 Drew LeBlanc wa St. Cloud State alipewa Hobey, na kila mtu alikuwa anasimulia jinsi alivyovunjika mguu vibaya Novemba 2011, akarudi mwaka wa ziada, tena alikuwa anasomea ualimu wa hesabu. Upande wa pili alikuwepo Johnny Gaudreau wa Boston College, pointi 51 kwenye mechi 35, wakati LeBlanc alikuwa na 50 kwenye mechi 42. Mashabiki wa Boston walikasirika, wakasema kura imepigwa kwa huruma. Mimi namtetea LeBlanc, lakini simtetei kwa mguu. Mguu ukivunjika ni bahati mbaya, kupona ni kazi, lakini haviongezi kitu kwenye alichocheza. Namtetea kwa sababu aliongoza nchi kwa pasi za mabao, 37, na kwa sababu St. Cloud ikiwa naye ilifika Frozen Four kwa mara ya kwanza kwenye historia yake, na mashambulizi yake yalikuwa yanapitia kwake. BC walikuwa na wachezaji wengine wengi wa kutegemea. Gaudreau mwaka uliofuata alirudi na pointi 80 kwenye mechi 40, hapo hakuna aliyebisha. Yeye na mdogo wake Matthew, ambaye naye alicheza BC, waligongwa na gari wakiwa kwenye baiskeli huko New Jersey Agosti 2024 wakafariki wote wawili, na mpaka leo nikiandika jina lake naumia.

Masomo nitapita haraka. Yaangaliwe, kwa sababu hii ni hoki ya chuo, lakini yatumike pale ambapo wawili wamelingana kwa mengine. Na kuondoka mapema kwenda NHL kusihesabiwe ni kasoro. Jimmy Vesey alibaki Harvard mpaka mwaka wa nne akapata Hobey ya 2016, vizuri, Jack Eichel alikaa BU mwaka mmoja tu akaipata 2015 na pointi 71 kwenye mechi 40, vizuri pia. Kila mmoja alicheza msimu wake mpaka mwisho.

Hili la umri sasa hivi ndo linanipa wasiwasi zaidi. Zamani mchezaji aliyepitia ligi kuu ya vijana ya Kanada, ile CHL, alikuwa haruhusiwi kucheza NCAA, walimhesabu kama wa kulipwa. Kanuni ikabadilishwa, kuanzia msimu wa 2025-26 wanaruhusiwa, na majina makubwa yakaanza kuja, kama Gavin McKenna aliyekwenda Penn State akiwa tayari anatajwa kila kona kama nyota wa kesho. Hoki ya vyuo itakuwa nzuri zaidi, hilo sina shaka. Ila kijana wa miaka 18 ambaye maskauti wote wanamfuata atakuwa na kura nyingi kabla hata hajagusa paki, na yule wa miaka 23 wa mwaka wa nne, ambaye hajachaguliwa na timu yoyote ya NHL, anayelinda goli lake kila usiku kwenye timu ya chuo kama Lowell au Bemidji, itabidi acheze mara mbili ili aonekane sawa. Wapiga kura wafunike jina na umri, wasome msimu. Akishinda kijana, apewe, Celebrini alishinda kihalali. Lakini ashinde kwa kilichochezwa.

Na usiwasahau wasichana, dada. Wao tuzo yao ni Patty Kazmaier, ilianza 1998, ina jina la mwanamke aliyecheza ubeki Princeton miaka ya 80 akafariki 1990 kwa ugonjwa wa damu akiwa na miaka 28. Jennifer Botterill wa Harvard aliipata mara mbili, 2001 na 2003, kitu ambacho kwa wanaume hakijatokea. Kama una binti, kila nilichosema hapa kinamhusu vilevile.

Kwa wenzako wa zamu ya usiku basi: yule wa pointi muulize mstari wa huyo mtu wake ni nani na ngapi amefunga timu zikiwa sawa kwa idadi. Yule wa tabia mwambie akutajie kitu kimoja alichokiona barafuni, asikuletee habari ya kwenye gazeti la chuo.

Kwa kijana, chuo cha hapo kwenu Lowell bado hakijatoa mshindi wa Hobey, ila timu yao iko hapohapo Tsongas Center na inakutana na BC, BU na UMass kwenye ligi yao ya Hockey East. Mpeleke mechi moja, mkae juu kidogo upande wa nyuma ya goli, sehemu ambayo barafu yote inaonekana, tiketi za huko huwa hazina bei kubwa. Achague beki mmoja tu, yeyote, hata kama si nyota, amfuate kipindi chote cha pili hata paki ikiwa kule mbali, na aandike kwenye karatasi kila mara huyo beki anapokwenda kuchukua paki nyuma, amegeuza shingo mara ngapi na pasi ya kwanza imemfikia nani. Afanye hivyo kwa beki wa nyumbani, mechi nyingine kwa beki wa wageni, halafu aniandikie alichokiona, nitamjibu mwenyewe.